Mawe ya ukutani yanadondoka: niongeze saruji au ninunue gundi?

Swali: Shikamoo fundi. Nyumba yangu iko Kigamboni, Dar es Salaam. Mwezi wa pili nilimweka fundi akanibandikia mawe ya Tanga ukuta wote wa mbele, upana mita 6 na kimo mita 3. Ukuta ulikuwa na plasta na rangi ya krimu iliyokuwa na miaka minne. Ulipendeza mno. Masika yalipoingia likaanguka jiwe la kwanza, na hadi mwezi wa sita yamedondoka tisa. Moja lilitua hatua mbili tu kutoka alipokuwa anacheza mwanangu. Fundi anasema saruji ilikuwa ndogo, anataka kuyarudishia kwa ndoo ya saruji kwa ndoo ya mchanga. Jirani anasema ninunue gundi ya marumaru. Nimsikilize nani? Na ni lazima kubandua ukuta wote? Nakutumia picha ya mgongo wa jiwe mojawapo.

Jibu: Marahaba, dada. Kabla hujafika popote na barua hii, leo hii weka viti, kamba, chochote, mtu yeyote asipite wala kukaa karibu na ukuta huo. Acha nafasi ya mita mbili kutoka ukutani. Jiwe la sentimita 30 kwa 30, lenye unene wa sentimita 3, lina kilo 6 hadi 7. Likitoka juu kwenye mita 3, hutaki hata kuwaza litakachomfanya mtoto.

Sasa nirudi kwenye picha yako, kwa sababu jibu lote limo humo. Nimeikuza nikaitazama kwa muda. Mgongoni mwa jiwe kuna matonge matano ya saruji, manne kwenye kona na moja katikati, kila tonge limebanwa likawa bapa. Juu ya kila tonge kuna kitu cheupe-njano, chembamba kama ganda la kitunguu. Hiyo ni rangi yako ya krimu. Kwa hiyo saruji ililishika jiwe, na bado imelishika hadi sasa. Saruji iliishika na rangi pia. Kilichoachia ni rangi kwenye plasta.

Ndiyo maana namwomba kila mwenye tatizo hili asitupe jiwe lililoanguka. Mgongo wake ni ushahidi. Ukiona umetoka na rangi, basi ukuta haukukwanguliwa. Ukiona mgongo ni msafi, na alama ya jiwe imebaki ukutani kwenye saruji kama unyayo kwenye tope, basi jiwe lilibandikwa likiwa na vumbi, au kavu likanywa maji yote ya mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) kabla haijashika. Ukiona mota imepasuka katikati, nusu kwenye jiwe na nusu ukutani, na ukiisugua kwa kidole inamumunyuka, hapo ndipo unaweza kumlaumu mtu kwa saruji ndogo au mchanga mchafu. Na jiwe likitoka na kipande cha plasta chenyewe, plasta ilikuwa imeshaachana na tofali. Magonjwa ni manne na dawa zake ni tofauti. Fundi wako anataka kukutibu ugonjwa wa tatu wakati unaumwa wa kwanza.

Wengi wanaamini mawe huanguka kwa uzito, ndiyo maana wanakimbilia saruji. Tupige hesabu. Jiwe la unene wa sentimita 3 lina uzito wa kilo 75 hivi kwa mita ya mraba. Ongeza mota ya sentimita 2, kama kilo 40. Ukuta wako ni mita za mraba 18, kwa hiyo umening'iniza tani mbili hivi mbele ya nyumba. Ni mzigo kweli. Lakini kanuni za Marekani, ambako kazi hii ya kubandika mawe imeandikiwa masharti kwa miaka mingi, zinataka mshiko wa jiwe na ukuta uhimili walau paundi 50 kwa inchi ya mraba, yaani karibu kilo 3.5 kwa kila sentimita ya mraba, kwa nguvu ya kuteleza kwenda chini. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000. Mshiko wa kiwango hicho unabeba tani 35 pale ambapo mzigo wako haufiki hata kilo 120. Jiwe lililoshikwa sawasawa lina akiba ya kutisha. Likianguka, jua kuna mahali halikushikwa kabisa.

Kanuni hizohizo kwa muda mrefu ziliweka kikomo cha kilo 73 hivi kwa mita ya mraba, yaani unene wa karibu sentimita 3, kwa jiwe la kubandika tu bila vishikizo vya chuma. Ndiyo maana mimi sipokei kazi ya kubandika jiwe lililozidi sentimita 3, hata mwenye nyumba alilie namna gani. Mawe mazito yanakaa chini, kwenye msingi wake yenyewe.

Ndoo kwa ndoo, basi, hapana. Mota yenye saruji nyingi kupita kiasi husinyaa zaidi inapokauka, inapasuka nyufa nyembamba, na mvua inapita humo. Isitoshe, itakuwa ngumu kuliko plasta iliyo nyuma yake. Ikisinyaa inaivuta plasta, na plasta ikishindwa utaanza kuona mawe yakitoka na vipande vya ukuta. Kipimo cha moja kwa tatu kinatosha kabisa. Kwa kuwa mafundi wengi hupima kwa macho, mwambie hivi: mfuko mmoja wa kilo 50, ndoo tano za lita 20 za mchanga zilizokatwa sawa mdomoni. Mfuko ni lita 35 hivi, kwa hiyo hiyo ndiyo moja kwa tatu. Simama hapo wakati wa kuchanganya wa kwanza, uhesabu ndoo mwenyewe.

Na ukiwa Kigamboni, uliza mchanga umetoka wapi. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Chumvi hiyo haikai kimya. Kila mvua inayeyuka, kila jua inatoka nje na kuacha ukungu mweupe juu ya mawe ambao utausugua hadi uchoke. Nunua mchanga wa mto. Ili kujua kama una udongo mwingi, weka kwenye chupa ya maji ya plastiki mpaka nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha hadi kesho yake. Utaona mchanga chini na utando wa tope juu yake. Tope likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, urudishe ulikotoka au uuoshe.

Gundi ya jirani ni nzuri, lakini ingebandikwa juu ya rangi ileile ingedondoka vilevile. Nitaifikia.

Je, ubandue wote? Ningependa kukuambia urudishie tisa tu, lakini nitakuwa nakudanganya. Rangi haikuishia nyuma ya mawe tisa. Imekaa chini ya ukuta mzima, na rangi ya maji ikikaa na unyevu kwa muda mrefu hulainika na kuachia. Matonge matano yameacha uwazi nyuma ya kila jiwe, maji yanaingia kupitia kwenye mianya na kutulia humo. Hizo ni hifadhi za maji nyuma ya mawe zaidi ya mia. Masika haya yametoa tisa, yajayo sijui mangapi. Chukua mpini wa tindo, gonga jiwe mojamoja kuanzia chini. Linalolia kama mtungi mtupu liko wazi nyuma. Nina hakika utachoka kuhesabu kabla hujafika nusu.

Habari njema ni kwamba mawe yenyewe hayana kosa. Ondoeni kuanzia juu kushuka, mmoja akishika na mmoja akigonga tindo pembeni, yapangwe chini bila kutupwa. Matonge ya mgongoni yatolewe kwa tindo na nyundo ndogo, kisha brashi ya waya. Hesabu kwamba kama jiwe moja katika kumi litavunjika, uagize ya kujazia mapema na uyaone kwa macho yako, maana rangi ya mawe hubadilika kutoka lori moja hadi lingine. (Wa Mombasa na Kilifi wanaosoma haya na wana mawe ya Mazeras au Galana, shauri ni lilelile.)

Sasa ukuta. Hapa ndipo nataka utumie siku nyingi na hela nyingi, hata kama hapana uzuri wowote wa kuonyesha wageni.

Rangi yote itoke. Si kuchorwachorwa kwa mgongo wa shoka, vialama viwili vitatu kwa heshima, kama wengi wanavyofanya. Kwangua kwa grainda yenye diski ya kusaga au kwa tindo, hadi uone plasta ya kijivu. Avae barakoa na miwani, na madirisha yafungwe, vumbi lile si la kuvuta. Ukidhani umemaliza, mwagia maji kiganja kimoja. Yakinywewa na ukuta ukawa mweusi, rangi imetoka. Yakitelemka kwa matone, bado.

Kisha gonga plasta nayo. Panapolia wazi pabomolewe hadi kwenye tofali na papigwe upya. Kama plasta yote ni dhaifu, unaikwaruza kwa msumari inamwagika kama unga, usibishane nayo, itoke yote. Bora ubandike juu ya tofali safi.

Ukuta ukishakuwa mzima, uoshwe vumbi kwa maji na brashi, halafu upigiwe tabaka la kutupia. Hili mafundi wa siku hizi wanaliruka, nami linaniuma. Ni saruji moja kwa mchanga mnene mbili, maji hadi iwe kama uji mzito, unaichota kwa mwiko na kuitupa ukutani kwa nguvu ya kiwiko. Inatua kwa vidonge vyenye ncha. Usiisawazishe. Ukipitisha kiganja kesho yake inapaswa ikukwaruze kama ulimi wa ng'ombe. Ile mikwaruzo ndiyo meno yatakayouma mota yako. Imwagilie maji asubuhi na jioni siku tatu, iache itimize wiki. Katika wiki hiyo usiruhusu mtu akuharakishe.

Nilijifunza umuhimu wake kwa machungu. Nikiwa kijana nilipewa nguzo nne za baraza, zege laini lililotoka kwenye mbao za kiwandani, linang'aa. Nilibandika mawe makavu juu yake, saa saba mchana, jua la Januari. Wiki ya tatu mwenye nyumba alinipigia simu, nikafika nikakuta nguzo mbili ziko uchi na mota imebaki kwenye mawe, mgongo wake laini kama kioo. Zege halikuwa limeshika chochote. Nilirudia kazi nzima kwa hela yangu, na tangu siku ile sijabandika jiwe juu ya kitu ambacho hakijanikwaruza kiganja.

Kwenye maungio ya tofali na lenta au nguzo za zege, tandika kwanza wavu wa chuma uliopakwa zinki, ufungwe kwa skrubu na washa, kisha ndipo utupie. Sehemu hizo mbili hupanuka kwa namna tofauti na ndipo nyufa huanzia. Usikubali waya mweusi wa kufungia nondo. Hewa ya bahari inaula, kutu inavimba, inasukuma jiwe kutoka ndani na kulitia doa la kahawia.

Uchaguzi wa kibandikio. Mawe ya Tanga hayalingani unene, hapa sentimita 2 pale 3, na gundi nyingi za mfuko hazitaki kupakwa nene hivyo. Unene wa mwisho umeandikwa kwenye mfuko. Kwa kazi yako nashauri mota ya moja kwa tatu iliyoongezwa kimiminika cha kuongeza mshiko, cheupe kama maziwa, dumu lake limeandikwa SBR. Kiasi fuata maelezo ya dumu. Muuza duka asikupe gundi nyeupe ya PVA akisema ni kitu kimoja, kwa sababu ile ikilowa inarudi kuwa laini, na nje haifai. Kama mawe yako yangekuwa yamekatwa kwa mashine, migongo sawa, ningekwambia nunua gundi yenye alama C2TE. C2 ni nguvu ya kushika, T haitelezi kushuka, E inakupa muda mrefu zaidi kabla haijafanya utando. Mfuko ulioandikwa C1 uache kwa marumaru za ndani.

Siku ya kubandika, mawe yaoshwe na yalowe, kisha yaachwe yakauke uso. Yawe na unyevu bila kuchuruzika maji. Ukuta vilevile. Jiwe kavu linanyonya maji ya mota kama mtoto mwenye kiu, na saruji isiyo na maji haishiki.

Panga kwanza chini, sakafuni, mita moja ya mraba kabla hujagusa ukuta. Jiwe kubwa likae na madogo yalizunguke, mwanya usiwe msalaba, na usiwe mstari mrefu ulionyooka. Fundi anayepanga hewani akiwa juu ya jukwaa ndiye anayejikuta na pengo la kujaza kwa vipande vya ukubwa wa biskuti.

Mawe yasianzie kwenye udongo. Acha sentimita 10 juu ya ardhi, au 5 kama chini pana sakafu ngumu. Wengi hupenda jiwe lizame kwenye bustani, linapendeza kweli, lakini linakunywa maji ya udongo na chumvi yake na kuyapandisha. Pigilia ubao mnyoofu kwa pimamaji kwenye kimo hicho, safu ya kwanza ikalie ubao, uutoe baada ya siku mbili. Anza na kona, halafu ingia katikati.

Kila jiwe lipakwe mara mbili. Kwanza ukuta upakwe mota nyembamba kwa kubonyeza mwiko, si kwa kupapasa. Kisha mgongo wa jiwe ujazwe wote, ukingo hadi ukingo, katikati pakiinuka kidogo ili hewa itoke pembeni. Bandika, zungusha kidogo kulia na kushoto huku ukisukuma, gonga kwa nyundo ya mpira hadi mota ichungulie pande zote. Likishatulia usiliguse tena. Ukilitikisa baada ya dakika kumi umelivunjia mshiko, na utalazimika kulitoa, kulikwangua na kuanza upya.

Usiupake ukuta eneo kubwa. Mita nusu ya mraba kwa wakati mmoja, maana upepo wa huko unaweka utando juu ya mota upesi. Gusa kwa kidole. Kisipotoka na mota, kwangua, weka nyingine, wala usiinyunyizie maji ukidhani imefufuka.

Na hiki nakuomba ukisimamie wewe mwenyewe: asubuhi ya kwanza, fundi akishabandika mawe kama kumi, mwambie alitoe moja utakalochagua wewe, palepale likiwa bichi. Ligeuze. Mota iwe imefunika mgongo wote na iwe imeraruka, nusu huku nusu kule. Ukiona matonge au sehemu kavu, mnasahihishana siku hiyo, sio masika yajayo. Fundi mzuri hakasiriki. Mimi nawatolea wateja bila kuombwa.

Ukuta unatazama wapi? Ukitazama magharibi, bandikeni asubuhi tu na mchana mtundike turubai. Jiwe la rangi nzito likipigwa na jua la saa tisa halafu likamwagiwa mvua ghafla, linapanuka na kusinyaa kwa siku moja. Kwa hiyo katikati ya mita 6 acha mwanya mmoja wa wima, milimita 8 hadi 10, usiojazwa mota. Uujaze silikoni isiyotia doa jiwe. Nje hupaswi kupitisha zaidi ya mita 4 na nusu bila mwanya wa aina hii. Hauonekani sana ukifuata mistari ya mawe, na utakuokoa.

Kimo cha mita 3 kinabebeka kwa kubandika tu. Siku ukitaka kupandisha mawe ghorofani, hapo usinisikilize mimi wala fundi yeyote wa mota peke yake. Kunatakiwa vishikizo vya chuma kisichoshika kutu na mhandisi wa kuvihesabu.

Mianya mingine yote ipigwe pointi, yaani ijazwe mota, siku ya pili au ya tatu, ikandamizwe hadi ndani. Mota iliyopaka usoni mwa jiwe ifutwe kwa sponji ingali mbichi. Asikuletee asidi kabla hajajaribu kona moja: jiwe lenye chokaa, na matumbawe hasa, likiguswa na asidi linatoa povu na kuliwa. Juu kabisa ya mawe weka kofia ya zege au bati lililokunjwa, litoke nje kidogo mbele ya uso wa mawe. Mvua nyingi inayoua kuta hizi huingilia kichwani.

Vanishi ya kung'arisha ningekuomba uiache. Inafunga uso, unyevu wa ndani unakosa pa kutokea, baada ya msimu mmoja au miwili unaona magamba meupe. Ukitaka kinga, tafuta dawa ya kuzuia maji inayozama ndani ya jiwe bila kuacha utando, nayo ipakwe mawe yakishakauka kwa mwezi.

Umeniandikia mwezi mzuri. Kuanzia sasa hadi mwezi wa tisa hakuna jua kali wala mvua nyingi, na kazi yote hii, kuanzia kubandua, itachukua wiki tatu hadi nne ukihesabu siku za kusubiri. Kwa mota tenga mifuko minne au mitano ya saruji, ukiacha ile ya kutupia na ya kurekebisha plasta.

Kuhusu fundi wako, sioni sababu ya kumfukuza ikiwa atakubali kufanya hivi. Mpe barua hii aisome. Ila usimlipe kwa mita ya mraba, maana malipo hayo ndiyo yanayozaa matonge matano. Mlipe kwa siku, au kwa kazi nzima kwa mafungu, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako. Siku ya 28 baada ya jiwe la mwisho, mwite aje na mpini wake wa tindo, nawe uje na chaki. Agonge ukuta wote jiwe kwa jiwe ukiwa umesimama naye. Linalolia wazi lichoreeni mduara, na litoke libandikwe upya kabla hujafungua pochi wala kuondoa kamba uliyofunga leo.